Kusalimu Amri na Kujisalimisha: Maana na Matumizi katika Historia ya Pwani, 1890–1896

Kusalimu amri, kwa fasiri iliyozoeleka, ni kukubali kushindwa, na mara nyingi msemo huo hutumiwa badala ya kujisalimisha bila kubaguliwa. Makala haya yanadai kwamba mazoea hayo humpotosha mwanahistoria wa pwani ya Afrika Mashariki.

Misemo yote miwili ina asili moja ya Kiarabu. Kitenzi sallama hubeba maana ya kutoa salamu na pia ya kukabidhi. Kiswahili kimeikuza zaidi maana ya kwanza, kwa salimu na salimia. Ya pili imehifadhiwa katika kusalimu amri. Kinachokabidhiwa hapo ni amri, yaani mamlaka. Katika kujisalimisha, kiambishi -ji- chaonyesha kuwa mtu hukabidhi nafsi yake, aghalabu ili apate usalama. Tofauti hii si ndogo: asiye na mamlaka hana cha kukabidhi, ilhali nafsi kila mtu anayo.

Mwaka 1896 unatupa mifano miwili. Mwezi Aprili, Mbaruk bin Rashid, kiongozi wa Mazrui wa Gazi, alivuka mpaka baada ya vita vya miezi mingi dhidi ya Waingereza, akaweka silaha mbele ya Wajerumani. Bila shaka alijisalimisha, lakini si kwa adui yake. Waingereza walibaki na nchi, wala hawakukabidhiwa chochote naye.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Agosti 25 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme Unguja bila idhini ya Waingereza. Agosti 27, muda wa onyo ulipokwisha saa tatu asubuhi, manowari zililipiga jumba hilo kwa dakika 40 hivi. Bendera iliangushwa kwa makombora. Haikuteremshwa na mwenyewe. Khalid alikimbilia konseli ya Ujerumani, na siku hiyohiyo Hamoud bin Mohammed akatawazwa. Wajerumani walikataa kumtoa Khalid. Oktoba 2, maji yalipojaa, walimpakia mashuani kutoka konseli bila kukanyaga ardhi ya Unguja, akapelekwa Dar es Salaam. Uangalifu wote huo (nao ulikuwa wa kisheria hasa) ulikuwa wa kuepuka kumkabidhi. Kuandika kwamba Khalid alisalimu amri ni kumbebesha tendo ambalo hakulitenda. Alishindwa, akakimbia.

Msemo huo wamfaa zaidi Sultani Ali bin Said, ambaye mwaka 1890 alikubali Zanzibar iwe chini ya himaya ya Uingereza. Yeye alikuwa na mamlaka, na sehemu kubwa yake aliitoa bila risasi kufyatuliwa. Miaka sita baadaye, Khalid alikuwa akidai kitu kilichokwisha kukabidhiwa.