Kiti cha Baiskeli na Vidonda Vyake: Kutoka Barabara za Mawe Hadi Sebuleni

Vidonda vya kiti cha baiskeli ni jina la jumla la madhara yanayoipata ngozi ya sehemu anayokalia mwendeshaji. Huanza kama michubuko ya mapaja kwa ndani au vipele kwenye mashina ya nywele, na visipotunzwa hugeuka majipu yenye usaha au uvimbe mgumu chini ya ngozi. Vyanzo vyake vikuu ni vitatu: mgandamizo wa uzito wa mwili juu ya eneo dogo, msuguano wa paja na kiti, na unyevu wa jasho unaolainisha ngozi na kuwapa bakteria mahali pa kuzaliana. Kila kizazi cha mafundi kilipambana na chanzo kilichokiona. Kwa muda mrefu lawama ilibebeshwa barabara, hadi baiskeli ilipoingizwa ndani ya nyumba.

Chombo cha magurudumu mawili alichokionyesha Karl von Drais mjini Mannheim, Ujerumani, mwaka 1817 hakikuwa na pedali. Mwendeshaji alikikalia na kusukuma ardhi kwa miguu, hivyo sehemu ya uzito wake ilibebwa na miguu yenyewe. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1860, karakana za Paris, ikiwamo ya Pierre Michaux, zilipoanza kuuza baiskeli zenye pedali kwenye gurudumu la mbele. Sasa miguu ilikuwa hewani na uzito mwingi ukahamia kwenye kiti. Magurudumu yalikuwa ya mbao yaliyovikwa chuma, na barabara za mijini zilikuwa za mawe. Mafundi walifunga kiti juu ya bamba refu la chuma lililonesanesa ili kupunguza mishtuko.

Hatua iliyofuata ilitoka Birmingham, Uingereza. John Boultbee Brooks alianzisha biashara ya bidhaa za ngozi mwaka 1866. Kwa mujibu wa simulizi ya kampuni hiyo, farasi wake alikufa mwaka 1878, akaazima baiskeli, na kiti chake kikamtesa kiasi cha kumfanya aamue kutengeneza kilicho bora. Mwaka 1882 aliomba hataza ya kiti cha ngozi. Katika viti vya aina hiyo, kipande cha ngozi nene huwambwa kati ya ncha mbili za chuma, bila mto chini yake. Kadiri kinavyokaliwa, ngozi hubonyea pale inapoegemea mifupa miwili ya makalio, na baada ya miezi kadhaa kiti huchukua umbo la mwenyewe. Kiti cha ngozi chenye springi nyuma kilienea duniani, na Afrika Mashariki kilizoeleka kwenye baiskeli nzito za mizigo na safari, zikiwamo za kampuni ya Raleigh. Tairi za upepo, alizozipatia hataza John Boyd Dunlop wa Belfast mwaka 1888, zilipunguza mishtuko zaidi.

Hata hivyo malalamiko hayakwisha. Miaka ya 1890, baiskeli ilipopendwa na wanawake kwa wanaume, madaktari wa Ulaya na Marekani walibishana juu ya madhara ya pua ya kiti inayobana msamba. Watengenezaji walijibu kwa viti vilivyoitwa vya kiafya: vingine vilikuwa na mfereji katikati, vingine havikuwa na pua, na vingine vilikuwa mito miwili iliyotengana, kila mmoja ukibeba mfupa mmoja. Viti vyenye uwazi katikati vilirudi sokoni kwa nguvu mwishoni mwa karne ya 20, lakini wazo lenyewe lilikwishakuwapo miaka 100 kabla.

Mashindano ndiyo yaliyoonyesha ukali wa tatizo. Wakimbiaji wa Tour de France, iliyoanza mwaka 1903, walivaa kaptula za sufu zilizoshonewa ndani kipande cha ngozi laini ya mnyama. Kazi yake ilikuwa kufunika mishono na kupunguza msuguano. Kasoro ilijitokeza baada ya kufua: ngozi ilipokauka iligeuka ngumu kama kadibodi, na mwendeshaji alilazimika kuipaka mafuta na kuisugua mpaka ilainike. Mafuta ya kujipaka ambayo waendesha baiskeli bado wanayatumia yana asili yake hapo. Inasimuliwa pia kwamba baadhi ya wakimbiaji waliweka kipande cha nyama mbichi ndani ya kaptula ili kupoza vidonda.

Vidonda hivyo viliwakwamisha hata mabingwa. Mfaransa Louison Bobet, mtu wa kwanza kushinda Tour de France miaka mitatu mfululizo, 1953 hadi 1955, alimaliza ushindi wa tatu akiwa na vidonda vibaya. Alifanyiwa upasuaji, na hakushinda tena mashindano hayo. Mwaka 1987 Sean Kelly wa Ireland alikuwa akiongoza mashindano ya Vuelta a España zikiwa zimebaki siku chache, akajitoa kwa sababu ya jipu. Mwaka 1989 Laurent Fignon aliingia siku ya mwisho ya Tour de France akiongoza kwa sekunde 50 huku akiuguza kidonda, akapitwa na mpinzani wake Greg LeMond na kushindwa kwa sekunde 8. Kidonda hakikuwa sababu pekee ya kushindwa huko, lakini kilikuwamo.

Wakati huohuo baiskeli ilikuwa na historia nyingine, ya ndani ya majengo. Mwaka 1796 Francis Lowndes wa London alipata hataza ya mashine ya mazoezi iliyoendeshwa kwa kukanyaga, kabla ya baiskeli yenyewe kuzaliwa. Meli ya Titanic, mwaka 1912, ilikuwa na baiskeli za mazoezi katika ukumbi wake wa viungo, na mwaka 1913 August Krogh wa Copenhagen alieleza baiskeli ya maabara ya kupimia kazi ya misuli. Baadaye zikaja baiskeli za jimu, mazoezi ya kikundi kwa muziki yaliyoenea miaka ya 1990, na programu za kuendesha mbele ya skrini. Janga la Uviko-19 la mwaka 2020 liliwafungia wengi nyumbani na kuzidisha matumizi ya baiskeli za ndani.

Hapo ndipo lawama dhidi ya barabara ilipopungua nguvu. Sebuleni hakuna mawe wala mashimo, lakini vidonda vinatokea, na kwa wengine huja haraka kuliko barabarani. Sababu ni kwamba barabara, pamoja na ubaya wake, humpa mwendeshaji nafuu bila yeye kujua. Mlima humfanya asimame juu ya pedali, mteremko humpumzisha, kona humhamisha upande, na upepo humkausha jasho. Baiskeli iliyofungwa sakafuni haiyumbi. Mwendeshaji hukaa mahali palepale kwa saa nzima, uzito ukiwa juu ya mifupa ileile, na jasho likitiririka hadi kwenye kaptula.

Kinga ya ndani kwa hiyo ni kurudisha nafuu hizo kwa makusudi. Feni yenye nguvu huelekezwa mwilini. Mwendeshaji husimama juu ya pedali kwa nusu dakika au zaidi kila baada ya dakika 10 hivi. Kimo cha kiti hupimwa vizuri, kwa kuwa kiti kilichoinuliwa mno hufanya nyonga ziyumbe na kuongeza msuguano. Kaptula yenye sponji, iliyochukua nafasi ya ile ya ngozi kuanzia miaka ya 1980, huvaliwa bila chupi, hufuliwa kila baada ya matumizi, na huvuliwa mara zoezi linapokwisha. Kiti laini kupita kiasi si suluhisho: mifupa huzama ndani yake, na mgandamizo ukahamia kwenye nyama laini za msamba.

Kidonda kikishatokea, tiba ya kwanza ni kuacha kuendesha kwa siku chache, kuosha kwa maji na sabuni isiyo kali, na kuacha ngozi ikauke. Kitambaa kilicholowekwa maji ya uvuguvugu husaidia jipu changa, lakini halikamuliwi. Jipu linalokua, wekundu unaoenea au homa ni dalili za kumwona daktari. Mabingwa waliendelea kukalia vidonda kwa sababu mashindano hayakuwasubiri. Anayefanya mazoezi nyumbani hana sababu hiyo, na akipumzika mapema hupoteza siku chache badala ya wiki kadhaa.