Corín Tellado: mama aliyeandika mapenzi chini ya macho ya serikali

Wandugu, tunasemaka kama riwaya za mapenzi ni vitabu vya kupoteza wakati tu. Ngojeni kwanza niwaelezee habari ya Corín Tellado, kisha mutasema wenyewe.

Alizaliwa mwaka 1927 Viavélez, kijiji cha bahari kaskazini mwa Hispania. Baba yake, fundi wa mashine za meli, alikufa mwaka 1945, na feza ikakosekana nyumbani. Mwaka uliofuata binti, akiwa na miaka 19, alitoa riwaya yake ya kwanza kwa Bruguera, wachapishaji wa Barcelona. Tangu hapo, hakuna kupumzika: kitabu kimoja karibu kila juma! Vilikuwa vitabu vyembamba vya bei ndogo, vinauzwa kwenye vioski. Ukimaliza kimoja unakirudisha, unaongeza feza kidogo, unachukua kingine. Alipokufa alikuwa ameandika zaidi ya 4000. Mimi TFC moja tu ilinitoa jasho mwaka muzima.

Sasa kumbukeni, huo ni utawala wa Franco. Kila muswada ulipita kwanza mikononi mwa wakaguzi wa serikali. Palipo na mapenzi ya wazi, wanakata. Kuna vitabu walivyokataa vyote. Corín akajifunza kusema bila kusema: anamfikisha msomaji mlangoni, halafu ananyamaza, msomaji anamalizia mwenyewe. Kule Havana, hadithi zake zilitoka katika gazeti Vanidades, na kijana aliyesahihisha makosa ya chapa alikuwa Guillermo Cabrera Infante. Huyo, akiisha kuwa mwandishi mkubwa, aliandika juu yake: aliona moto uliofichwa ndani ya yale maneno ya adabu.

Lakini kinachonigusa zaidi ni sheria. Aliolewa mwaka 1959. Wakati ule, na hadi 1975, mwanamke wa ndoa katika Hispania alihitaji ruhusa ya bwana yake ili atie sahihi mkataba. Mama analisha watu kwa kalamu yake, vitabu vinauzwa kwa mamilioni, na mbele ya sheria iko sawa na mtoto! Ndoa ilivunjika baada ya miaka michache tu, akabaki na watoto wawili. Talaka yenyewe haikuruhusiwa mpaka 1981. Kwa hiyo asubuhi aliwaoza mabinti wa riwaya zake kwa furaha, na jioni alilala peke yake, bila kuwa mke wala mjane.

Wasomi wengi walimcheka. Mario Vargas Llosa hakumcheka. Alimtembelea Gijón amuhoji kwa ajili ya televisheni ya Peru.

Miaka ya mwisho figo zilimsumbua, damu yake ikawa inasafishwa kwa mashine. Alipochoka kuandika mwenyewe, alimsomea mkwe wake maneno, mkwe anaandika. Aliendelea hivyo hadi Aprili 2009, alipofariki nyumbani kwake Gijón.