Jumba la Glynn na ugomvi wa pumzi ya seli

Tarehe 8 Julai 1961 jarida la Nature lilichapisha kurasa tano za Peter Mitchell, mwanabiokemia wa Chuo Kikuu cha Edinburgh aliyekuwa na umri wa miaka 40 wakati huo. Kurasa zile hazikuwa na jaribio jipya hata moja. Zilikuwa na wazo tu, na wazo lenyewe liliwaambia wakubwa wa fani kwamba kitu walichokuwa wakikitafuta kwa miaka minane hakipo. Wakubwa hawakufurahi.

Swali lilikuwa moja. Tunakula ugali, tunavuta hewa, seli inapata nguvu ya kufanya kazi. Nguvu hiyo seli huiweka katika ATP, kemikali ambayo mwili wa mtu mzima huitengeneza na kuitumia kila siku kwa kiasi kinachokaribia uzito wake mwenyewe, ingawa ukiipima wakati wowote ule haifiki hata robo kilo. Inatumika, inaundwa upya, inatumika tena. Basi kati ya oksijeni kuunguza chakula na ATP kuundwa, kunatokea nini?

Hatua za mwanzo za habari hii zinajulikana, nazipitia haraka. Katika majira ya baridi ya 1782 kuingia 1783, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walimweka simbilisi katika chombo kilichozungushiwa barafu jijini Paris, wakapima barafu iliyoyeyuka kwa joto la mnyama yule, wakakata shauri kwamba kupumua ni kuungua kwa polepole. Lavoisier alikatwa kichwa mwaka 1794 kwa sababu za kodi na siasa. Mwaka 1897 Eduard Buchner alionyesha kwamba maji yaliyokamuliwa kwenye hamira iliyosagwa, bila seli hai hata moja, bado yanachachusha sukari. Mwaka 1929 Karl Lohmann aliigundua ATP. David Keilin wa Cambridge alikuwa ameeleza mwaka 1925 habari za saitokromu, protini zenye chuma zinazopokezana elektroni hadi kuifikia oksijeni. Kimeng'enya cha mwisho katika mnyororo huo ndicho kinachokabwa na sianidi, sumu ileile inayotulazimisha kuroweka na kuanika mihogo michungu kabla ya kuila.

Hans Krebs naye ana haki ya aya yake. Alifukuzwa kazi Freiburg mwaka 1933 kwa kuwa Myahudi, akakimbilia Uingereza, akafika Sheffield. Huko, yeye na mwanafunzi wake William Arthur Johnson, kwa kutumia nyama ya kidari cha njiwa iliyosagwa, waliuchora mzunguko wa Krebs, ambao mwanafunzi wa kidato cha tano anaukariri hadi leo. Juni 1937 Nature walimjibu kwamba barua walizonazo zinatosha kujaza jarida kwa wiki saba au nane, hivyo atafute pengine. Alipeleka kazi yake kwenye jarida la Enzymologia la Uholanzi, na mwaka 1953 akapata Tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo kufikia miaka ya 1950 ilijulikana kwamba chakula kinavunjwavunjwa, kwamba elektroni zake zinapita kwenye mnyororo ndani ya mitokondria, vile vijumba vya nguvu vya seli, na kwamba mwisho wa njia oksijeni inazipokea na maji yanapatikana. ATP inaonekana inatoka. Kiungo cha katikati ndicho kilichokosekana. Bill Slater, Mwaustralia ambaye baadaye aliongoza maabara kubwa Amsterdam, alipendekeza mwaka 1953 kwamba lazima iwepo kemikali ya kati, inayobeba nguvu kutoka kwenye mnyororo na kuikabidhi kwa ATP. Lilikuwa pendekezo la busara, maana mambo huenda hivyohivyo katika hatua za awali za kuvunja sukari. Maabara za Marekani na Ulaya zikaanza msako. Zaidi ya mara moja mtu alitangaza ameipata, kisha ikabainika siyo.

Mitchell alisema acheni kutafuta. Mnyororo wa elektroni, alidai, kazi yake ni kusukuma protoni kutoka upande mmoja wa utando wa ndani wa mitokondria kwenda upande wa pili. Nje kunajaa protoni, ndani zinapungua, na kwa kuwa protoni ina chaji, panatokea tofauti ya tindikali na ya umeme kwa pamoja. Protoni zinataka kurudi, utando hauziruhusu, isipokuwa kwa mlango mmoja: kimeng'enya kinachounda ATP. Ni kama maji ya bwawa la Kidatu, ambayo hayawashi taa ya mtu mpaka yapitishwe kwenye mtambo. Umeme wenyewe ni wa volti 0.15 hivi, mtu atasema si kitu, lakini utando una unene wa sehemu kama sita kati ya sehemu milioni za milimita moja. Ukipiga hesabu ya umbali huo, unapata nguvu ya umeme inayokaribia ile ya radi.

Kwa wanakemia wa wakati ule, haya yalikuwa maneno ya ajabu. Kemia kwao ilikuwa ndani ya chupa: weka hiki, changanya na kile, pata kingine. Huyu bwana alikuwa anasema kwamba mahali na upande ni sehemu ya kemia, kwamba ukiupasua utando kazi yote inakufa hata kama kila kemikali imebaki palepale. Na kweli, kila aliyeupasua utando alipoteza ATP.

Mitchell alikuwa mtu wa namna yake. Nywele zake alizifuga ndefu kama Beethoven. Hakutoka familia ya kubahatisha: ami yake, Godfrey Mitchell, ndiye aliyeikuza kampuni ya ujenzi ya George Wimpey, na hisa za familia zilimpa Peter uhuru ambao maprofesa wengi hawaujui. Vidonda vya tumbo vilipomzidi huko Edinburgh, aliacha kazi mwaka 1963. Alikwishanunua jumba la kale lililokuwa likiporomoka, Glynn House, karibu na mji wa Bodmin katika mkoa wa Cornwall, kusini magharibi kabisa mwa Uingereza. Kwa miaka miwili hakugusa maabara. Alisimamia mafundi, akachora mwenyewe ramani za ukarabati, akafuga ng'ombe wa maziwa. Sehemu moja ya jumba ilifanywa nyumba ya familia, nyingine maabara. Mtaji ulikuwa karibu pauni 250,000, zake na za kaka yake, na taasisi ikaitwa Glynn Research.

Habari hizi zimeelezwa kwa kirefu na John Prebble na Bruce Weber katika wasifu wa Mitchell uliotolewa na Oxford University Press mwaka 2003, na mimi nimeegemea hapo. Msomaji ajue basi kwamba Robert Williams wa Oxford angeisimulia habari hii vingine. Naye aliandika juu ya protoni na ATP mwaka huohuo wa 1961, alikuwa ameandikiana barua na Mitchell kabla ya kurasa zile tano kutoka, na aliamini mpaka uzeeni kwamba hakutendewa haki. Tofauti ni kwamba Williams aliziweka protoni zake ndani ya utando wenyewe, Mitchell akaziweka pande mbili za utando. Ushahidi ulikuja kumwelekea Mitchell, ingawa kinyongo hakikuisha kwa ushahidi.

Aliyeukusanya ushahidi huo hatajwi sana. Jennifer Moyle alifahamiana na Mitchell Cambridge, akaenda naye Edinburgh, akaenda naye Cornwall. Mitchell alikuwa na mawazo mengi kuliko mikono. Moyle alikuwa na mikono inayopima. Walichukua mitokondria za ini la panya, wakaziweka kwenye maji yasiyo na oksijeni, wakatia oksijeni kidogo sana, kisha wakaangalia kipimo cha tindikali. Maji ya nje yaligeuka kuwa na tindikali zaidi kwa muda mfupi, kisha yakarudi. Protoni zilikuwa zimetoka, zikarudi. Walihesabu ngapi zinatoka kwa kila oksijeni inayotumika. Bila vipimo hivyo, wazo la 1961 lingebaki kuwa falsafa ya tajiri mmoja wa shamba. Tuzo ya Nobel ilipokuja, ilikuja kwa jina moja tu. Moyle alistaafu mwaka 1983, akafariki 2016, na ukiuliza wanafunzi wa baiolojia mia, nina shaka kama mmoja amewahi kulisikia jina lake.

Mwaka 1966 Mitchell aliandika kitabu chembamba chenye jalada la kijivu, akakichapisha mwenyewe hapo Glynn, akawatumia wenzake. Mwaka 1968 akaongeza cha pili. Humo alieleza pia fumbo la dinitrofenoli, kemikali iliyouzwa Marekani miaka ya 1930 kama dawa ya kupunguza unene. Walioimeza walikonda kweli, lakini wengine walipata mtoto wa jicho, na wengine miili yao ilichemka kwa joto hadi wakafa. Ilipigwa marufuku mwaka 1938. Kwa nadharia ya Slater ilikuwa vigumu kueleza kwa nini kemikali nyingi zisizofanana hata kidogo zote zinaleta balaa hilohilo. Kwa Mitchell ilikuwa rahisi: zote hubeba protoni na kupenya nazo kwenye utando, mlango wa ATP unarukwa, na nguvu yote ya chakula inatoka kama joto.

Mmoja wa wapinzani wa mwanzo kugeuka alitoka upande wa mimea. André Jagendorf wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alikuja kukiri kwamba alipomsikia Mitchell kwa mara ya kwanza, maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile, na alichukizwa kwamba mtu kama huyo aliruhusiwa kusimama jukwaani. Lakini mwaka 1966, yeye na Ernest Uribe walichukua kloroplasti za spinachi, vijumba vya jani vinavyounda ATP kwa nguvu ya mwanga, wakaziloweka kwenye tindikali, kisha wakazihamishia ghafla kwenye maji yasiyo na tindikali, gizani kabisa. ATP ikaundwa. Hakukuwa na mwanga wala elektroni zinazotembea, ila tofauti ya tindikali kati ya ndani na nje.

Mwaka 1974 Efraim Racker na Walther Stoeckenius walimaliza kazi. Walitengeneza vifuko vya mafuta ya soya, wakachomeka protini ya bakteria inayosukuma protoni kwa nguvu ya mwanga, wakachomeka na kimeng'enya cha ATP kutoka kwenye moyo wa ng'ombe. Protini hizo mbili, ya bakteria na ya ng'ombe, hazikuwa zimewahi kufanya kazi pamoja katika historia ya dunia. Waliwasha taa, ATP ikatoka. Hapo ile kemikali ya kati ingejificha wapi?

Hata hivyo mwaka 1977, wakubwa sita, Mitchell na Slater wakiwemo, walipoombwa kuandika pamoja makala moja ya mapitio, walishindwa kukubaliana lugha, na kila mmoja akaandika sehemu yake. Mwaka uliofuata Mitchell alipata Nobel ya Kemia peke yake. Katika hotuba yake alimkumbuka Keilin kama mwalimu, kisha akagusa usemi wa mwanafizikia Max Planck kwamba wazo jipya hushinda wapinzani wanapokufa, na akawashukuru wapinzani wake kwa kumkanusha Planck: walikuwa hai, na walikuwa wamebadili mawazo. Kisha yeye mwenyewe akafanya kama Planck alivyosema, au karibu. Mårten Wikström wa Finland alionyesha mwaka 1977 kwamba kile kimeng'enya cha mwisho, kinachokabwa na sianidi, nacho husukuma protoni. Mitchell alikataa kwa miaka mingi kabla ya kukubali.

Alifariki Aprili 1992. Glynn ilikuwa imeishiwa fedha, na mwaka 1996 maabara ikafungwa, kazi yake ikahamishiwa University College London. Mengine yaliyofuata ni mafupi: John Walker alichora umbo la kimeng'enya cha ATP mwaka 1994, Wajapani wakakipiga picha kikizunguka kama rota mwaka 1997, na mwaka huohuo Walker na Paul Boyer wakapewa Nobel.

Kinachoniudhi ni namba. Vitabu vingi vya sekondari bado vinachapa kwamba glukosi moja inatoa ATP 38, na mwanafunzi anayeandika vingine anakatwa alama. Namba hiyo ilitokana na imani kwamba kila hatua ya mnyororo inakabidhi ATP nzima, moja kwa moja, kwa mkono wa ile kemikali ya kati. Protoni hazihesabiki hivyo. Nyingine huvuja, nyingine hutumika kuingiza fosfeti, na kwa wanyama kama sisi kimeng'enya kinahitaji protoni nane kwa kila ATP tatu. Ukijumlisha yote unapata karibu 30, na hata hiyo hubadilika kulingana na hali ya seli. Wazo la Slater lilishindwa, ilhali hesabu yake bado inatungiwa mitihani.