Nani kashika upawa? Historia fupi ya kujipakulia takwimu

Haya wasomaji wangu, leo tuache siasa kidogo tuzungumzie habari ya ripoti. Najua neno lenyewe linaleta usingizi. Vumilieni lakini, maana humo ndani mna ugomvi wa madaraka kuliko mnavyodhani.

Ukiingia kwenye shirika lolote mjini siku hizi, liwe benki, idara ya serikali au NGO, hukosi kukuta kikao cha kuchagua mfumo wa takwimu. Anakuja muuzaji na projekta yake. Anawasha grafu za rangirangi, anabofya ramani, mkoa mmoja unageuka mwekundu na watu wanaguna kwa kupendezwa. Kisha anatoa ahadi: kuanzia leo hakuna kuwapigia magoti watu wa kompyuta, kila mtu atajihudumia mwenyewe. Mhasibu anauliza bei ya leseni. Mkurugenzi anauliza kama inafunguka kwenye simu. Kikao kimekwisha, watu wanakwenda kula.

Swali lililobaki mezani ni hili: huyo "kila mtu" ni nani hasa? Ahadi ya kujihudumia ni ya zamani kuliko wengi wetu tuliozaliwa na kompyuta zikiwa tayari maofisini. Tukiifuata tangu ilikotoka, tutajua cha kumuuliza muuzaji.

Tuanze mwaka 1958. Mhandisi wa IBM mzaliwa wa Ujerumani, Hans Peter Luhn, aliandika makala akipendekeza mashine ya kusoma nyaraka za kampuni, kuzifupisha, na kumpelekea kila mhusika zile zinazomfaa. Aliuita mpango wake kwa jina ambalo biashara nzima ya zana hizi inalitumia hadi leo, la "akili" ya biashara kwa maana ya kukusanya habari kama wafanyavyo mashushushu. Angalia vizuri: kwa Luhn, mtu aliletewa chakula mezani. Habari ya kujipakulia haikuwepo.

Kwa miaka mingi baada ya hapo kompyuta ilikuwa dude moja kubwa ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Ukitaka ripoti, unaandika ombi, unapanga foleni, unasubiri. Ikitoka na kosa, unarudi mwisho wa foleni. Mwaka 1974 watafiti wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walichapisha lugha ya kuihoji hifadhidata, ile iliyokuja kujulikana kama SQL. Nia yao ilikuwa kwamba hata mtu asiyejua kuprogramu aweze kuuliza swali lake mwenyewe. Mnajua ilivyokwisha: leo SQL ni kazi ya watu wa kompyuta, na watu wanalipwa mishahara kwa kuijua.

Foleni ilivunjwa mwaka 1979. Dan Bricklin, mwanafunzi wa shule ya biashara ya Harvard, na mwenzake Bob Frankston walitoa VisiCalc, programu ya majedwali iliyofanya kazi kwenye kompyuta ndogo ya Apple II. Ukibadilisha namba moja, nyingine zote zinajirekebisha. Ikafuata Lotus 1-2-3 mwaka 1983, kisha Excel mwaka 1985. Hapo mhasibu akawa na sufuria lake na jiko lake, na hakumwomba mtu ruhusa.

Raha hiyo ilikuja na karaha yake. Kila mmoja akipika kwake, kila mmoja anakuja kikaoni na chakula tofauti. Watu wa mauzo wana jumla yao, watu wa fedha wana yao, na saa nzima inapotea kubishana namba ya nani ndiyo ya kweli. Mara nyingi hakuna aliyekosea hesabu. Huyu kahesabu mteja kuwa ni yeyote aliyewahi kununua, yule kahesabu walionunua mwaka huu tu. Neno ni moja, maana mbili.

Jibu la kwanza la maana lilitoka Ufaransa. Mwaka 1990 ilianzishwa kampuni ya Business Objects. Ujanja wake ulikuwa kuweka tabaka katikati: wataalamu wanakaa mara moja, wanakubaliana "mteja" ni nani na "mauzo" ni nini, wanayafunga maneno hayo kwenye hifadhidata. Baada ya hapo mtumiaji anachagua maneno anayoyajua na kupata ripoti. Yaani jiko ni moja, ila upawa unashika mwenyewe. Tableau, iliyozaliwa mwaka 2003 kutokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, ikafanya grafu ziwe jambo la kuburuta kwa kipanya. Power BI ya Microsoft ikatoka rasmi mwaka 2015, na toleo lake la kwenye kompyuta binafsi likiwa la bure. Wakubwa nao walinusa pesa. SAP ilitangaza kuinunua Business Objects mwaka 2007, na Salesforce ikainunua Tableau mwaka 2019 kwa zaidi ya dola bilioni 15.

Huo ni ukoo mmoja wa zana hizi, ukoo wa sokoni, uliolenga kumwokolea meneja muda. Upo mwingine ambao wauzaji hawausimulii, na huo ndio unaotuhusu sisi huku.

Ukoo huu ulianzia Norway, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wafanyakazi wa viwanda vya chuma waliona mabosi wanaleta kompyuta za kupanga kazi, wakahofia kwamba mwenye takwimu ndiye atakayekuwa mwenye kauli. Chama chao kikashirikiana na Kristen Nygaard, mmoja wa mabingwa wawili waliotengeneza lugha ya Simula, ili wafanyakazi wenyewe waielewe mifumo ile na wawe na la kusema. Ikazaliwa mila ya utafiti inayoshikilia kwamba anayeutumia mfumo lazima ashiriki kuubuni.

Mila hiyo ikaja Afrika. Mwaka 1994 ubaguzi wa rangi ulipoondoka madarakani, Afrika Kusini ilirithi idara 14 za afya zilizogawanywa kwa rangi na kwa "bantustani", kila moja na fomu zake. Watafiti kutoka Norway wakaungana na wenzao wa Cape Town na kuanza kutengeneza programu ya takwimu za afya ngazi ya wilaya, DHIS. Ilijengwa juu ya Microsoft Access, kitu cha kawaida kabisa cha ofisini. Msingi wake ulikuwa kwamba takwimu itumike kwanza pale inapokusanywa. Toleo la pili, DHIS2, lilianza kutengenezwa mwaka 2004, ni la wavuti, halina ada ya leseni, na leo linatumika katika nchi zaidi ya 70.

Kwetu Tanzania tulikuwa na MTUHA tangu miaka ya 1990. Aliyewahi kupeleka mtoto kliniki ameviona vile vitabu vikubwa na muuguzi anayepiga vijistari. Mwisho wa mwezi anajumlisha, anajaza fomu, fomu inakwenda wilayani, mkoani, hadi wizarani. Namba zilipanda ngazi kila mwezi, ila kushuka zilikuwa wavivu. Nyaya za baharini zilipofika pwani yetu mwaka 2009, mambo yakabadilika. Kenya ikaweka DHIS2 ya nchi nzima mtandaoni mwaka 2011, na Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa mshirika, ikaieneza mikoa yote kufikia mwaka 2013. Ofisa wa wilaya akaweza kujichorea grafu bila kusubiri mtu kutoka Dar.

Hongera kwa hilo. Lakini tazama upawa uliishia wapi. Mfumo ulipoanza, fomu za karatasi ziliendelea kusafiri hadi wilayani na kuingizwa kwenye kompyuta huko. Muuguzi wa zahanati alibaki yule yule, anapiga vijistari. Foleni haikufa, ilihama tu.

Na jiko je? Chukua chanjo. Ripoti inaweza kuonyesha kwamba wilaya fulani imechanja asilimia 120 ya watoto wake. Huo si muujiza. Idadi ya waliochanjwa inatoka kliniki, ila idadi ya watoto wanaostahili inakadiriwa kutokana na sensa, na sensa zetu za karibuni ni za 2002, 2012 na 2022. Kadirio likiwa dogo, au wazazi wa wilaya jirani wakija na watoto wao, asilimia inapaa. Grafu itachorwa vizuri tu, rangi ya kijani, na mtu aliyeko mbali atapongeza wilaya ambayo bado ina watoto wasiochanjwa. Muuguzi anayewajua watoto hao kwa majina ndiye asiyeiona grafu.

Msidhani haya ni ya maskini peke yao. Mwaka 2020 Uingereza ilipoteza kwa muda wagonjwa 15,841 wa korona kwenye takwimu zake, kwa sababu walikuwa wakitumia aina ya zamani ya faili la Excel lisilopokea zaidi ya mistari 65,536. Waliozidi walidondoka kimyakimya, na waliokaa nao karibu wakachelewa kutafutwa.

Kwa hiyo shirika lenu likikaa kuchagua zana, grafu ziacheni mwisho. Muulizeni muuzaji, na mjiulize wenyewe, mambo matatu. Kwanza, maana ya kila neno imeandikwa wapi, na nani ana mamlaka ya kuibadilisha? Pili, data ikipungua au ikidondoka njiani, mfumo utapiga kelele au utanyamaza? Tatu, yule anayejaza namba mwisho wa mwezi ataiona grafu yake mwenyewe, na akisema namba si sahihi, kuna atakayemsikiliza?

Bei ya leseni itajulikana tu, ipo kwenye ankara. Hilo la tatu haliandikwi kwenye ankara yoyote, na wafanyakazi wa chuma wa Norway walilishtukia zamani.

Haya, nyie huko maofisini kwenu, upawa kashika nani?