Kwa Nini Familia Kubwa Hupanda Probox

Wasee, Probox za kupitia Rongo kwenda Homa Bay zina historia. Mwaka 1973 Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni ya uchukuzi. Familia ya watu tisa ilijipanga: watoto wanapakatwa, mnalipia viti vinne, mnafika. Februari 2004 sheria za Michuki zikaanza: Nissan abiria 14, kila mtu na mkanda wake. Ziliokoa maisha, sikatai. Lakini mama wa watoto saba kutoka Migori sasa anahesabiwa kila kichwa. Probox ina viti vitano tu, ila dereva anauza nafasi (na buti pia ni nafasi). Ni hatari, ndiyo. Mimi simlaumu huyo mama. Viti vinane mpaka Homa Bay, nani atalipa?