Land Cruiser ya 1HZ: ukitaka nguvu zaidi, chunga joto

Injini ya Toyota 1HZ ilianza kutengenezwa mwaka 1990, na hapa Pwani bado inabeba watalii, wagonjwa na mizigo. Ni dizeli ya silinda sita, lita 4.2, haina tabo wala kompyuta ya kuendesha pampu. Kwa hiyo anayekuuzia "chipu" ya kuiongezea nguvu anakuuzia hewa. Nguvu zake ni kama farasi 130 hivi, na gari likishapakia na kuanza kupanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi, dereva anajua hazitoshi. Huko juu hewa nayo ni nyepesi: injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kila mita 100 unazopanda.

Mtu akiniuliza jinsi ya kuongeza nguvu, mimi humuuliza kama zile za kiwandani bado zipo. Mara nyingi hazipo. Mkebe wa hewa umejaa vumbi, nozeli zinamwaga dizeli badala ya kuipuliza kama ukungu, taiming ya pampu imerudi nyuma, au breki zinashika magurudumu. Kuna jambo moja la bure kabisa: zima injini, mtu akanyage mafuta hadi chini, nawe uangalie kama mkono wa pampu unafika mwisho. Kebo ikilegea, haufiki, na gari linaonekana limezeeka. Kisha pima kompresheni ya silinda zote. Ikiwa zimepishana sana, hayo mengine yote yasubiri.

Dawa inayopendwa gereji nyingi ni kuzungusha skrubu ya pampu ili dizeli iingie zaidi. Siku ya kwanza gari linaruka kweli. Lakini dizeli haiungui bila hewa. Inayozidi hutoka moshi mweusi, na ile inayoungua kwa kuchelewa hupandisha joto la ekzosi. Ukiona wingu jeusi nyuma ya gari mlimani, hiyo ni dizeli yako uliyoilipia.

Nguvu za kweli huja na hewa, ndiyo maana watu hufunga tabo. Inawezekana, lakini 1HZ haikuundwa kwa tabo. Kompresheni yake ni 22.4 kwa 1, na dizeli huanza kuungua ndani ya vyumba vidogo kwenye silinda hedi. Joto likizidi, hedi hupasuka hapo hapo penye vyumba hivyo, au pistoni huyeyuka. Kwa hivyo presha ya tabo iwe ndogo, kama psi 7 au 8, na kipimo cha joto la ekzosi kifungwe kabla ya tabo, si baada yake. Wengi huweka mpaka kwenye nyuzi 700 hivi. Sindano ikikaribia hapo, punguza mafuta na ushuke gia. Redieta iwe safi, oili ibadilishwe mapema zaidi, na ukifika safari iache injini ingurume dakika moja mbili kabla ya kuizima, tabo ipoe. Fundi akikataa kufunga kipimo kwa kuwa "haina haja", tafuta mwingine.

Mwenye fedha za kutosha, naona heri atafute injini ya 1HD-T. Ni lita 4.2 vilevile, lakini kiwanda kiliiunda na tabo, kompresheni yake ni ndogo, na dizeli huingia moja kwa moja juu ya pistoni. Injini ikibadilishwa, namba yake ibadilishwe pia kwenye rekodi za NTSA, na kampuni ya bima ijulishwe.

Breki zitengenezwe kabla ya injini kuguswa. Gari linalopanda Wundanyi kwa kasi litateremka pia, na limejaa watu.