Namba Moja kwa Kipimo Kipi? Albamu Zilizoongoza Chati ya Billboard ya Marekani Mwaka 1991

Mwanahistoria wa muziki pendwa anapotaka kueleza ladha ya umma katika mwaka fulani, chanzo anachokikimbilia mara nyingi ni orodha ya albamu zilizoshika nafasi ya kwanza kwenye mauzo. Orodha hiyo ina sura ya ushahidi usiopingika: ina tarehe, ina majina, na haionekani kuwa na maoni ya mtu. Insha hii inachunguza orodha moja ya aina hiyo, ile ya jarida la Billboard la Marekani kwa mwaka 1991. Mwaka huo umeteuliwa kwa sababu ndio ambao kipimo chenyewe kilibadilishwa kabla mwaka haujafika nusu. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba sehemu kubwa ya kile ambacho kimezoeleka kuitwa mapinduzi ya muziki ya mwaka ule ilikuwa mabadiliko ya namna ya kuhesabu, na kwa hiyo orodha ya mwaka 1991 ni orodha mbili zilizobandikwa pamoja.

Tuanze na orodha yenyewe. Katika wiki 20 za mwanzo, hadi chati ya tarehe 18 Mei, nafasi ya kwanza ilishikwa na albamu tatu tu. *To the Extreme* ya Vanilla Ice, iliyokuwa juu tangu Novemba 1990, ilikaa huko hadi mwishoni mwa Februari na kukamilisha wiki 16 mfululizo. Ikafuatwa na albamu ya kwanza ya Mariah Carey, iliyobeba jina la mwimbaji mwenyewe, kwa wiki 11, kisha *Out of Time* ya kundi la R.E.M. kwa wiki moja. Katika wiki 32 zilizobaki, albamu 12 zilipokezana kiti hicho: Michael Bolton, R.E.M. tena, halafu Paula Abdul, N.W.A, Skid Row, Van Halen, Natalie Cole, Metallica, Garth Brooks, Guns N' Roses, U2 na Michael Jackson. Msomaji asiyejua kilichotokea tarehe 25 Mei angeweza kuhitimisha kwamba Wamarekani walikesha usiku mmoja wakaamka na masikio mapya.

Kilichobadilika ni namna taarifa zilivyofika kwenye ofisi za jarida. Kabla ya tarehe hiyo, Billboard ilitegemea sampuli ya maduka ya muziki. Maduka hayo yaliulizwa ni albamu zipi zinauzwa vizuri, nayo yakatoa mpangilio wa nafasi bila hesabu ya nakala zilizouzwa. Meneja wa duka, au mfanyakazi aliyeachiwa kazi hiyo, alijibu kwa kukumbuka na kukadiria, na makadirio ya mtu hayaepuki matarajio yake: albamu inayosikika redioni kila saa huhisiwa kuwa inauzwa zaidi, na muziki asioupenda humponyoka kichwani. Kampuni za kurekodi zililifahamu jambo hilo vyema, na zilikuwa na njia zao za kuwafanya wauzaji wakumbuke vizuri. Kwa maneno mengine, chati ya zamani ilikuwa chanzo simulizi kilichovaa nguo za takwimu. Inashangaza kidogo kwamba watafiti wanaohoji kwa ukali kila neno la msimuliaji mzee kijijini wameitumia chati hiyo kwa miaka mingi bila kuihoji.

Kuanzia chati ya tarehe 25 Mei 1991, Billboard ilianza kutumia takwimu za SoundScan, kampuni iliyoanzishwa na Mike Fine na Mike Shalett. Kompyuta ya duka ilisoma msimbopau wa kila kanda au CD pale mteja alipolipa, na jumla ya wiki ikapelekwa kwenye kampuni. Kumbukumbu ya muuzaji ikaondolewa katikati. Albamu iliyokuwa kileleni wiki hiyo ya kwanza ilikuwa *Time, Love & Tenderness* ya Michael Bolton, mwimbaji wa mapenzi aliyependwa na watu wazima. Hakuna aliyewahi kuandika kwamba Bolton alileta mapinduzi, ingawa ndiye wa kwanza kukaa juu kwa kipimo kipya. Hilo peke yake lingetosha kututahadharisha.

Ushahidi mzito zaidi uko katika namna albamu zilivyofika juu. Tangu chati ya albamu ilipoanza kutolewa kila wiki mwaka 1956 hadi Mei 1991, ni albamu sita tu zilizowahi kuingia moja kwa moja kwenye nafasi ya kwanza: mbili za Elton John mwaka 1975, kisha *Songs in the Key of Life* ya Stevie Wonder mwaka 1976, mkusanyiko wa maonyesho ya Bruce Springsteen mwaka 1986, na *Whitney* ya Whitney Houston na *Bad* ya Michael Jackson mwaka 1987. Baada ya hapo, kati ya mwishoni mwa Juni na katikati ya Desemba 1991 pekee, albamu saba zilifanya hivyo: za Skid Row, Van Halen, Metallica, Garth Brooks, Guns N' Roses, U2 na Michael Jackson. Miezi sita ilizaa zaidi ya miaka 35. Haielekei kwamba mashabiki walianza ghafla kupanga foleni siku ya kwanza. Walikuwa wakipanga tangu zamani. Mfumo wa zamani ulizoea kuiona albamu ikipanda ngazi polepole, kama ile ya Mariah Carey iliyotoka Juni 1990 na kufika kileleni Machi 1991, baada ya miezi zaidi ya minane. Muuzaji aliyeulizwa nafasi hakuwa na njia ya kuonyesha kwamba albamu ya kwanza wiki hii imeizidi ya pili mara tatu. Mashine iliweza.

Walioinuliwa na mashine hawakuwa wa aina moja, na hapa ndipo maelezo ya ladha mpya yanapopwaya kabisa. *Ropin' the Wind* ya Garth Brooks ilikuwa albamu ya kwanza ya muziki wa kantri kuingia chati moja kwa moja ikiwa namba moja, tarehe 28 Septemba. Hadi mwisho wa mwaka ilikuwa imekaa huko wiki nane. *Efil4zaggin* ya N.W.A, kundi la rapu kutoka Compton ambalo redio nyingi zililikwepa, iliingia ikiwa ya pili na wiki iliyofuata, tarehe 22 Juni, ikamng'oa Paula Abdul. *Unforgettable* ya Natalie Cole, yenye nyimbo zilizowahi kuimbwa na baba yake, Nat King Cole, ilitawala kwa wiki tano za Julai na Agosti. Mnunuzi wa kantri, kijana wa rapu na mama wa makamo anayekumbuka sauti ya Nat King Cole hawana ladha ya pamoja. Wanachoshiriki ni kwamba pesa zao zilikuwa hazijahesabiwa sawasawa.

Hoja hii ina mipaka, na mtahini makini ataiona. Kwanza, rapu haikusubiri SoundScan: *Licensed to Ill* ya Beastie Boys ilifika kileleni mwaka 1987, na MC Hammer alikaa huko wiki 21 mwaka 1990 kabla ya Vanilla Ice. Kilichokosekana ni rapu isiyo na kibali cha redio. Pili, nusu ya pili ya mwaka ilikuwa na matoleo ya wasanii wakubwa waliosubiriwa kwa hamu, na baadhi yao wangefika juu kwa kipimo chochote. Jackson alikuwa amekwisha kuthibitisha hivyo kwa *Bad*. Tatu, kupanda polepole hakukufa. *Nevermind* ya Nirvana iliingia kwenye nafasi ya 144 na kufika kileleni tarehe 11 Januari 1992. Albamu hiyo, ambayo vitabu vingi huitumia kufungia habari za 1991, haimo kabisa katika orodha ya namba moja za mwaka huo, na haikuhitaji mlango uliofunguliwa kwa Skid Row.

Tarehe nazo zataka uangalifu. Chati hubeba tarehe ya mbele ya mauzo yenyewe: albamu mbili za *Use Your Illusion* za Guns N' Roses zilianza kuuzwa tarehe 17 Septemba, zikaonekana katika nafasi ya kwanza na ya pili kwenye chati ya tarehe 5 Oktoba, ya pili ikiitangulia ya kwanza. Mtafiti anayeoanisha chati na tukio la kisiasa la wiki hiyohiyo anaweza kukosea kwa zaidi ya nusu mwezi.

Wala kipimo kipya hakikuwa kioo safi. Si kila duka lilikuwa na mashine, hivyo mauzo ya maduka yaliyomo yalipewa uzito ili kuwakilisha yasiyomo, na maduka madogo ya kujitegemea ndiyo yaliyokuwa rahisi kupotea katika hesabu hiyo. (Kwa mtafiti wa muziki wa dansi wa Tanzania, uliohifadhiwa kwenye kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam na kuishi katika kumbi kuliko madukani, upotevu wa aina hii si jambo geni.) Zaidi ya hayo, wiki ileile ya tarehe 25 Mei, Billboard ilianzisha chati ya pembeni kwa albamu za zamani zilizoendelea kuuzwa na kuziondoa kwenye chati kuu. Mashine ilihesabu kila kitu, kisha kanuni ikaficha baadhi ya hesabu. Kanuni hiyo ilidumu hadi Michael Jackson alipofariki dunia tarehe 25 Juni 2009: mkusanyiko wake *Number Ones* uliuzwa kuliko albamu nyingine yoyote nchini Marekani kwa wiki kadhaa, lakini haukuruhusiwa kuitwa namba moja katika chati kuu. Desemba mwaka huo, kanuni ikafutwa.